Nyumba ya mbao ya Mama Furaha

Jumapili mchana, mvua imekatika

Mawe meusi ya uani bado yanachuruzika maji na mlima umejifunika mawingu. Umeme upo. Mtandao nao upo. Hapa Goma vitu hivyo viwili vikikutana siku moja, ujue kuna mtu amekuombea. Kwa hiyo nimekaa kwenye kiti cha plastiki, kompyuta mapajani, na nimeapa sinyanyuki kabla sijachagua.

Natafuta nyumba ya blogu yangu.

Ile ya kwanza ilikufa, na wewe, shajara yangu, ukafa nayo. Nilikuwa nimejibanza bure kwenye jukwaa moja dogo, la watu wa mbali nisiowajua. Siku moja wenyewe wakatuma ujumbe kwamba wanafunga, kila mtu ahamishe vitu vyake. Ujumbe ulinikuta katika zile siku ambazo mji mzima haukuwa na mtandao. Tuliporudi hewani nikabonyeza anwani yangu, ukafunguka ukurasa mweupe, mtupu.

Mengi yaliyopotea siyalilii. Malalamiko ya foleni ya maji, sombe, kisamvu chetu, iliyoungua, mashairi niliyoyaonea haya mwenyewe. Yaende salama.

Ninalilia habari ya Furaha.

Furaha ni dada yangu mkubwa, na sikuwahi kumwona. Alikufa kwa homa akiwa bado ananyonya, wazazi wangu wakiwa njiani, wanakimbia kutoka Masisi kuja huku. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Walimzika kando ya barabara ya Sake, upande wa Mugunga, mahali ambapo baadaye watu wamepiga mahema na kuyang'oa na kuyapiga tena, mpaka leo hakuna anayeweza kusema ni hapa au ni pale. Hana picha. Alichoacha ni jina, na jina lenyewe amelivaa mama. Kwetu mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, hivyo mtaa wetu mzima wa Majengo unamwita Mama Furaha. Sokoni Mama Furaha, kanisani Mama Furaha. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nasubiri siku moja mtu ajikwae ulimi aseme Mama Neema, kwa jina langu. Hakuna aliyejikwaa.

Mama mwenyewe habari za Furaha hazisemi. Alinisimulia mara moja tu, siku ya mvua kama hii, akichambua maharage, nami nikakimbia kuandika kabla maneno hayajapoa. Niliyaweka kwenye blogu na si mahali pengine popote. Sasa nimebaki na kipande kimoja: kwamba mtoto yule alikuwa halali mpaka ashike sikio la mama. Mengine nayajua kama mtu anavyojua njia aliyopita mara moja tu. Nikimwomba asimulie tena, je, si nitakuwa namzika mtoto wake mara ya pili?

Ndiyo maana nachagua kwa woga. Kazini, kwenye kibanda changu cha kuchapa na kufotokopi, nawashauri watu siku nzima karatasi gani na herufi gani. Leo mshauri mwenyewe anatoka jasho.

Jukwaa la kwanza ni zuri kama saluni siku ya harusi. Picha zinateleza, herufi zinacheza, kila ukigusa kitu kinachanua. Nikalipenda hapo hapo. Kisha nikalifungua kwenye simu ya mama, ile yenye kioo kilichopasuka, kwa sababu kama yeye hawezi kulifungua basi ninamwandikia nani? Kikatokea kiduara, kikazunguka, kikazunguka, mega zangu za mtandao zikawa zinayeyuka. Mama alikitazama kwa huruma kabisa.

"Hii iko na kizunguzungu?"

Nikalifunga.

La pili ni la bure, na huko ndiko watu wote waliko. Ukiandika asubuhi, mchana umeshapata wa kukusifia. Tena lina Kiswahili! Nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Ili kulijaribu, nikaandika sentensi ya mama kama ninavyoikumbuka: mutoto wangu wa kwanza. Huku kwetu tunasema mutoto, na mutu, na muzee. Shuleni walitufundisha kuiondoa hiyo u, nasi tukifika nyumbani tunairudisha mahali pake. Jukwaa lile lina msahihishaji wake asiyeombwa. Nikabonyeza hifadhi, kisha nikasoma kwa sauti nihakikishe:

"Moto wangu wa kwanza."

Mama alikuwa mlangoni, anapuliza mbabula yake ya makaa. Alikuwa amefunga kitambaa chake kama anavyokifunga siku zote, kimeshuka kufunika sikio la kushoto, la kulia liko nje. Tangu utoto wangu nilidhani ni urembo wa wanawake wa kwao.

"Moto?" akasema. "Mi sikuzalaka moto. Nilizala mutoto."

Tukacheka, jamani. Tulicheka mpaka akakalia ndoo. Halafu kicheko kikamwisha yeye kwanza.

"Uko naandika juu ya Furaha?"

Sikuwa nimemwambia kwamba ile blogu imepotea. Nikamwambia hapo. Nikaeleza kuwa wenye nyumba walifunga, kwamba sikupata habari mapema, nikawa najitetea na kujichanganya. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza kile ambacho hapa kila mtu anamuuliza aliyekimbia.

"Na ulitokaka na nini?"

"Sikutoka na kitu, Mama."

Akatikisa kichwa, bila kunilaumu. Akapigapiga ukuta wa nyumba yetu kwa kiganja. "Neema, nyumba ya kupanga hauulizake kwanza iko na vyumba ngapi. Unauliza: siku ya kukimbia, natoka na nini? Hii ya mbao, papa yako aling'oa misumari, tukaibeba."

Ni kweli. Nyumba hii ilisimama mtaa wa Mapendo kabla ya kusimama hapa. Marehemu papa aliifungua ubao kwa ubao, akaipakia kwenye chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, akaja kuisimamisha upya juu ya mawe haya. Kwenye mbao za mlangoni bado kuna namba alizoandika kwa makaa ili ajue ubao upi unafuata upi. Nimeziona maisha yangu yote, wala sikuwahi kuziona.

Basi nikalirudia jukwaa la tatu, lile nililolipita asubuhi nikilibeua. Ni baya, sitadanganya. Halina picha za kuteleza wala wa kukusifia mchana, na moyo uliniuma kidogo, maana mimi napenda kusifiwa. Lakini kila habari inakaa kwenye faili lake dogo la maandishi matupu. Naweza kuyanakili yote kwenye klé yangu ya USB, nikaondoka, nikaisimamisha nyumba kwingine, ubao kwa ubao. Kwenye simu ya mama lilifunguka kabla hajamaliza kutafuta miwani. Nikaandika mutoto. Likaiacha u mahali pake.

Likaniuliza jina la tovuti. Nikaandika mamafuraha, likakubali. Nikamwonyesha mama. Akaliangalia jina lake kwa muda, akavuta kigoda na mbabula yake karibu nami.

"Andika," akasema. "Lakini pole pole, mi siko radio."

Sikuwa nimemwomba. Woga wangu wa asubuhi nzima ulikuwa wa bure.

Nimeandika kama alivyosema, na u zake zote. "Mutoto wangu wa kwanza hakukuwa nalala kama hajashika sikio yangu. Ile ya kushoto. Ata njia yote ya kutoka Masisi, yeye mugongoni, mukono yake ilikuwa natafuta sikio. Pale mukono iliachilia, ndipo nilijua."

Nikaacha kuandika. Akanionyesha kwa kidevu niendelee.

"Na wewe ulipozaliwa, ukaanza vile vile. Ile ya kushoto nilikukataza. Iko ya dada yako. Wewe nilikupatia ya kuume."

Hilo hakunisimulia mara ya kwanza. Nina hakika, lingebaki hata kama yote yangepotea. Nilimtazama mama yangu, kitambaa kimeshuka upande mmoja, sikio la kulia liko nje kama lilivyokuwa nje siku zote za maisha yangu, na machozi yakanitoka hata sikujua la kufanya na mikono. Nilipeleka mkono wangu, mtu mzima mimi, nikalishika. Yeye akaendelea kupuliza makaa, kichwa amekiinamisha kidogo upande wangu.

Sasa maharage yanachemka na mawingu yanarudi, pengine umeme hautafika jioni. Habari ya Furaha nimeshaiweka kwenye nyumba mpya, na nakala yake nimeiweka kwenye klé, nimeifunga kwenye pindo la kitenge pamoja na kitambulisho changu.

Safari nyingine mama akiniuliza nilitoka na nini, ninalo la kumjibu.