Lori la Kijani Viganjani

Mpendwa Baba,

Mama ameniambia umeomba uletewe lile lori dogo la kijani huko kwenye nyumba ya wazee. Hukuomba picha zetu wala rozari ya bibi. Nimelitoa kabatini leo, ila nimenawa mikono kwanza. Mpaka leo siwezi kuligusa bila kunawa.

Unakumbuka Jumapili zetu hapa ughaibuni, North York, nilipokuwa mdogo? Wageni wakitoka misani, ulifungua kabati la kioo ukawasimulia historia ya kampuni ile ya wiski ya Uskoti kwa vigari vyake: mkokoteni wa farasi wenye mapipa, lori la mvuke, kisha hili la petroli, lenye maandishi ya dhahabu. Meza yako ya maonyesho nilikuwa mimi. Ulinisimamisha katikati ya sebule, viganja wazi, ukaniwekea lori juu.

"Tulieni," ulisema. "Sikilizeni injini."

Mikono yangu ilitetemeka, magurudumu yakagongagonga.

"Lo, linanguruma!" Anko Filipo, rafiki yako wa tangu Dar, alicheka mpaka akapaliwa. "Mwongezee gia, bwana!"

Mama akanyoosha mikono chini ya yangu, alidake likiponyoka. Ukamsukuma. "Mwache! Likianguka, atanijua mimi ni nani."

Halikuanguka hata mara moja, Baba. Hilo hukuwaambia wageni.

Siku hizi mimi ni karani katika ofisi ya ghala, Downsview. Meneja akisimama nyuma yangu, naficha mikono chini ya meza, maana nayasikia yale magurudumu. Hata haya ninayaandika kwa sababu mbele yako sauti hunikauka.

Muuguzi amenieleza ugonjwa wako wa kutetemeka. Kijiko hakifiki mdomoni, chai inaishia kifuani. Nimemwomba Jumapili awakusanye wenzako ukumbini. Anko Filipo naye anakuja. Aliuliza alete nini, nikamwambia alete masikio tu.

Nitakuwekea lori viganjani mbele yao. Nitasimulia kama ulivyonifundisha: farasi, mvuke, petroli. Kisha nitawaambia watulie.

Mama amenisihi niweke mikono yangu chini ya yako, nilidake likiponyoka. Nimemjibu kwa neno lako, "Mwache."

Kula vizuri, upate nguvu za kulishika.

Binti yako, meza yako