Mama Namba Sita

Jumatatu, 3 Machi
Tangu saa kumi na mbili asubuhi simu inalia kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nikadhani mteja. Wapi! Ni mfumo wa zahanati. "Habari Mama Na. 6! Una wiki 28. Je, unaumwa sana kichwa, umevimba miguu au unaona giza? Jibu 1 HAPANA, 2 NDIYO."
Mimi! Nina ndevu, nina mashine ya kusaga niliyoinunua kwa jasho langu, nina wajukuu wawili. Wiki 28 za nini?
Kisa chenyewe ni msumari. Mtandao huku unashika mahali pamoja tu, kwenye msumari wa mlango wa mashine yangu. Ukiisogeza simu hatua mbili, kwisha. Sasa nesi alipopita na kishikwambi chake kuandikisha wajawazito, mfumo ukagoma kupokea mtu asiye na namba ya simu. Akawaandika wote kumi na wanne kwa namba yangu. Bila kuniuliza! Eti mimi nipo kila siku, niwaulize tu wakija kusaga.
Ni kila Jumatatu, na usipojibu inarudia kila saa hadi jioni. Kumi na nne mara kumi na mbili — 168. Kwa siku moja.

Alhamisi, 6 Machi
Kilomita 19 kwa baiskeli mpaka zahanati, nimwambie nesi aniondoe. Akacheka. Akinifuta mimi, amewafuta wote. Badala yake kanipa karatasi ya namba, nijue kila ujumbe ni wa mama yupi. Wa kwanza mke wa fundi baiskeli. Wa sita mdogo wangu mwenyewe, kitinda mimba wetu, anayekaa kule bondeni.
Nikamwambia mimi nasaga unga, sikusomea ukunga.
"Hata mimi sikusomea kompyuta, baba."
Kilomita 19 nyingine za kurudi. Mlima.

Jumatatu, 10 Machi
Leo nilijitahidi, Mungu shahidi. Katika kumi na wanne, waliokuja kusaga ni wanne. Nikawauliza. Kumuuliza mke wa mtu habari za miguu yake, mbele ya foleni! Yule wa fundi baiskeli akaniuliza kwani nataka kumnunulia viatu. Foleni nzima ikaangua kicheko. Sasa naitwa Bwana Mkunga.
Mkanda wa mashine umekatika, watu wananung'unika, simu inalia. Saa nane hasira zikanipanda, nikajibu 1 zote. Kumi na nne. Dakika sita.
Kimya! Raha iliyoje.

Jumatatu, 17 Machi
1 mara kumi na nne. Dakika nne.

Jumatatu, 24 Machi
Dakika tatu.

Ijumaa, 28 Machi
Nesi amekuja na bwana mmoja wa mradi, kavaa beji. Wamepiga picha msumari! Eti tumekuwa wa kwanza: majibu asilimia mia, hatari sifuri. Nimepewa cheti na fulana. Fulana imechorwa mama mwenye tumbo. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini.
Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Lakini nesi miaka mitatu anaomba kitanda cha kuzalishia, na yule bwana kasema sasa atapata. Nesi alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa koti.
Nikavaa fulana.

Jumatatu, 31 Machi
Saa mbili asubuhi nilishamaliza. Dakika mbili na nusu.
Saa nne kaingia mdogo wangu na kikapu cha mahindi. Kandambili kazishika mkononi. Haziingii. Uso umejaa kama si wake. Tangu lini?
"Wiki ya tatu hii, kaka. Na kichwa, usiseme."
Sasa mbona hukwenda zahanati? Kanitazama kama mimi ndiye mjinga.
"Si nesi alisema simu yako inanifuatilia? Ikiona hatari wanaleta gari. Gari sijaliona, nikajua mimi mzima."
Nikamlaza juu ya magunia, nikakimbilia simu.

Leo leo, saa tano na nusu
Naandika nimesimama hapa msumarini. Nimemjibia 2. Mfumo: "Asante mama, jibu lako la wiki hii limeshapokelewa. Endelea kuwa na afya njema!" Nimejaribu mara saba. Afya njema mara saba!
Nesi hapatikani. Nimepiga namba iliyo chini ya ujumbe. Kapokea binti, sauti tamu, anasoma majibu yaliyoandikwa. Eti gari hutumwa mama mwenyewe akithibitisha kwa simu, ni siri ya mgonjwa. Mwenyewe kalala juu ya magunia, anasema mlango hauoni, mke wangu kamshika kichwa. Simu haifiki pale, yeye hafiki hapa.
Nikakata. Nikapiga tena. Foleni yote masikio.
"Naongea na mama namba sita?"
"Ndiyo, mimi."
"Mama, mbona sauti yako..."
"Ndiyo ugonjwa wenyewe, mwanangu! Leta gari!"
Akaniuliza mimba ya ngapi. Ya pili. Wiki? 32. Mtoto anacheza? Nikapiga kelele kuuliza ndani, nikajibu.
Hakuna aliyecheka.

Saa sita na robo
Gari limeondoka hospitali kubwa kuja huku. Kilomita 52. Kwa barabara ile ni ishirini kwa saa, tena dereva akiwa na roho ngumu. Saa mbili na dakika thelathini na sita. Yaani saa tisa kasoro dakika tisa. Nimepiga hesabu mara tatu, haipungui.
Mashine nimezima. Fulana nimeivua, mke wangu kailowesha, kamwekea kwenye paji la uso. Wale kumi na watatu wengine — nimewaambia watu ukweli, nikawasomea karatasi. Wamegawana nyumba, wamekwenda kuuliza. Fundi baiskeli katoka mbio wa kwanza. Hakunitazama.
Simu imelia.
"Mama Na. 6, gari liko njiani. Je, hali yako imezidi? Jibu 1 HAPANA, 2 NDIYO."
Kidole kimekwenda kwenye 1 chenyewe, kwa mazoea. Nimekitoa.
Nakwenda kumtazama kwanza.