Noah ya Kubebea Magogo

“Gari ni gari, Geofrey!” Rafiki yangu Ambo, baba kanifokea hivyo mpaka mishipa imemtoka shingoni.

NOAH. Kaka'angu Zablon katumwa kuleta gari la kubebea magogo, kaleta Noah!! Kang'oa viti vya nyuma, anachekelea.

Unakumbuka nilienda mpaka Chemba kuliangalia lile lori, Kenta tipa? Unajaza, inamwaga yenyewe, unarudi kupakia. Baba mwenyewe aliniambia, “We ndo unapanda juu ya miti kuikata, we ndo unapakia, chagua wewe.”

CHAGUA WEWE. Alisema hivyo kwa mdomo wake.

Sasa nikamuuliza Zablon gogo la mwarobaini litaingiaje humo. “Utalikata vipande, dogo. Si una mikono?”

Nikamgeukia baba. Eti Noah itatupeleka kanisani Jumapili, mama kachoka kutembea juani. Nikamwambia, “Baba, kesho tuna miarobaini kumi na mbili ya kukata kule Nzuguni, na mteja anataka jioni uwanja uwe mweupe!”

“Umemaliza fomu foo juzi tu, unataka kutufundisha kazi?”

Fomu foo! Jana nilivyokuwa naning'inia juu ya mti mbona hakuniuliza nimemaliza lini?

Nikachukua mkanda wangu wa kupandia, nikamwekea Zablon mapajani. “Kesho panda wewe. Ukishuka, pakia kwenye Noah yako.”

Zablon hata ngazi anaiogopa, na baba anajua.

“Geofrey, rudi hapa!” Sauti ya baba sasa ya kuomba, nami nishafika mlangoni.

Nikatoka, nikafunga mlango.