Makochi ya Kuazima Yamemponza Binti Yangu

Mshauri wetu mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi ipokee tu, maana kichwa changu hakiko sawa na nikianza kuchagua maneno nitaacha kuandika. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu, mume wangu ni mlinzi wa bohari, nyumba ni ya kupanga, tuna watoto wanne, na huyu wa kwanza, binti, amepata nafasi chuo cha upimaji ardhi, akaomba msaada wa masomo kwenye ile ofisi inayosaidia wanafunzi, akajaza fomu yake, akaandika ukweli mtupu jinsi tulivyo, mimi nikatia sahihi bila kusoma kwa sababu nilikuwa na gauni la bibi harusi mkononi na mwenyewe amesimama mlangoni analisubiri.

Baadaye wakapiga simu kwamba atakuja mtu kuona tunavyoishi. Sasa mshauri, mimi nimekopa maisha yangu yote, cherehani ya kwanza nilikopa, ya pili nikakopa, na kila anayekukopesha anakuja kwanza kuangalia una nini ndani, kikundi chetu cha akina mama kiliwahi kumnyima mwenzetu kwa sababu walimkuta hana hata kabati, kwa hiyo nikajiambia huyu mtu akikuta mkeka na viti viwili vya plastiki, kimoja kimefungwa mguu kwa waya, atasema hawa watalipa nini? Nikaenda kwa jirani yetu seremala, alikuwa na seti ya makochi ya mteja ambaye hajaja kuyachukua, nikamwomba aniazime kwa siku moja tu, akakubali kwa sharti kwamba tusitoe nailoni. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anauza simu, akatuletea televisheni yake iliyojaa nusu ya ukuta.

Binti yangu aliniambia, "Mama, acha nyumba ilivyo. Hawa si kama kikundi chenu." Nikamwambia, "Nyamaza wewe! Mimi nimeanza kukopa hujazaliwa, leo unifundishe mkopo?"

Mgeni akaja, kijana mpole tu, akakaa, nailoni ikalia chini yake, akanyanyuka kidogo akakaa tena. Akauliza, "Haya makochi mmenunua lini, mama?" Nikasema, "Juzi tu, mwanangu." Akauliza kazi inakwendaje, nikasema namshukuru Mungu, wateja mpaka wengine nawarudisha, na mshauri, wiki ile nilikuwa na wateja watatu na mmoja alikuja kurekebishiwa kifungo. Akanywa chai, akaandika, akashukuru, akaaga, nami nikaenda jikoni nikacheza peke yangu.

Sasa jibu limekuja. Linasema familia ina uwezo, kwa hiyo atapewa mkopo wa sehemu ndogo sana ya ada, na ruzuku hakuna kabisa. Nimelisoma mpaka macho yanauma na sielewi. Tukiwa nacho wanatunyima, tungekuwa hatuna wangetupa? Ni mkopo gani huo anaopewa asiye na kitu? Na hiyo ruzuku ni nini, mbona hakuna aliyeniambia? Na atakayedaiwa ni nani, mimi au mtoto? Shemeji anasema nikienda kusema makochi si yetu nitafungwa kwa kuidanganya ofisi. Mume wangu anasema tuuze cherehani moja. Seremala anasema tusubiri mwaka kesho. Kila mmoja ana lake na mimi nawaitikia wote. Karatasi inasema rufaa zinapokelewa mpaka mwisho wa mwezi huu, na chuo kinasema asiyelipa nusu ya ada siku ya kufungua, nafasi yake anapewa mwingine.

Binti hanilaumu, na afadhali angenilaumu. Jana alikuja barazani akakaa kwenye cherehani ya pili akasema, "Mama, nifundishe kuweka zipu." Nikamfundisha. Anashona vizuri, mshauri, mshono umenyooka, na mimi nilitamani kupiga kelele. Niseme au ninyamaze?

Fundi cherehani niliyechanganyikiwa.

*

Fundi,

Marahaba, umri wangu unaniruhusu. Kwenye nailoni nilicheka, kwenye zipu nikaacha. Pole sana. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Kikundi chenu kinauliza hivi: huyu akishindwa kulipa, tutachukua nini kwake? Ofisi ya wanafunzi inauliza swali jingine kabisa. Inauliza ada ni kiasi gani, familia inaweza kutoa kiasi gani, na pengo linalobaki ni kubwa kiasi gani. Wao kazi yao ni kusaidia kuliziba hilo pengo, na wewe ukalifukia kwa makochi ya watu. Walipoingia hawakuona pengo, wakaenda kumsaidia mwingine.

Mkopo wenyewe wala si wako. Kwa kawaida atakayelipa ni binti, kidogo kidogo, akishamaliza masomo na kuanza kazi, ndiyo maana hawana haja na kabati lako. Ruzuku hairudishwi, na hupewa waliopungukiwa zaidi. Lakini kila ofisi ina masharti yake, kwa hiyo kabla hamjasaini chochote ulizeni: riba ipo? Anaanza kulipa lini? Akikosa kazi inakuwaje? Na safari hii soma, mama. Umekopa miaka yote hiyo halafu unatia sahihi kwenye karatasi usiyoisoma, kwa ajili ya gauni!

Kuna jambo hukuliona, na ndilo lililonikera zaidi. Mtoto aliandika ukweli kwenye fomu. Mgeni akaja akaona mengine. Basi huko ofisini, mwongo anayeonekana sasa hivi si wewe, ni yeye, na jina lililo juu ya faili ni lake. Unauliza useme au unyamaze? Ukinyamaza, umemwachia yeye abebe.

Kuhusu kufungwa, sitakudanganya kwamba watakupokea kwa vigelegele. Watakuuliza maswali na utatoka jasho. Lakini mtu anayekwenda mwenyewe kusahihisha hatazamwi kama yule aliyefumwa. Shemeji yako ashughulike na simu zake.

Andikeni rufaa wiki hii, msingoje mwisho wa mwezi. Semeni makochi ni ya nani, televisheni ni ya nani, na uliviweka kwa nini, kama ulivyoniandikia mimi. Ambatanisheni karatasi ya mshahara wa baba yake, risiti za kodi ya nyumba, na barua ya seremala yenye sahihi yake. Ombeni mtu aje tena kuwatembelea. Na kwa sababu nimeshakujua: usije ukavificha na vile viti viwili ili muonekane hamna hata pa kukaa! Akaribishwe kwenye mkeka, apewe chai, atazame anachokiona. Mkipeleka barua, bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kisha piteni chuoni, kwa wanaoshughulikia mambo ya wanafunzi, mkaombe kulipa ada kwa awamu na kushikiwa nafasi wakati rufaa inasubiriwa. Huenda wakakubali, huenda wasikubali, lakini asiyeuliza hawamjui.

Cherehani usiuze. Mkiuza, ada haitatimia na chakula cha wale watatu kitapungua. Mwaka kesho mtaufikiria rufaa ikigonga mwamba, si leo.

Yote hayo hayatafaa kitu kama kwanza hujazungumza na binti yako. Usimtume mtu, wala usizungumze huku unashona. Alikuambia jambo la kweli ukamziba mdomo, na tangu siku hiyo anajifunza kutotaka kitu. Mketishe leo, umwambie: "Mwanangu, ulisema kweli, mimi nikakosea. Twende tukarekebishe." Usiongeze maelezo ya jinsi ulivyokuwa na nia njema, anayajua.

Akilia, mwache alie. Akimaliza, mpe kalamu.