Karai la Wanaume

Tashkent, 3 Machi

Mdogo wangu Oydin,

Salamu nyingi. Sisi hapa wazima. Wewe hujambo? Na mwanao Bunyod, bwana harusi wetu?

Nimesikia kwamba pilau ya alfajiri ya harusi yake utapika wewe. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu lini mwanamke akasimama kwenye karai la wanaume? Na mwanamke mwenyewe ni wewe, uliyeacha ushonaji, ukaacha uuguzi, ukaacha hata kujifunza kuoka keki. Mwite fundi Hamro apike, kama wanavyofanya watu wote. Wanaume wa mtaa mzima watakula pale, na mume wangu Sodik na ndugu zake watakuwepo. Usinitie aibu.

Dada yako,
Mastura

Kattakurgan, 14 Machi

Dada Mastura,

Barua nimeipata, na asante kwa dua ambazo hukuniombea. Sisi wazima. Msalimie shemeji Sodik.

Alhamisi nilijaribu, nikawaalika wazee wa mtaa. Nikakoroga, kama nilivyoona jikoni kwako Tashkent, tena kabla mchele haujaiva. Huku kwetu, unajua, wali unakaa juu ya karoti na hakuna anayeugusa mpaka wakati wa kupakua. Ikatoka uji wa karoti. Wazee walitafuna, na Mzee Eshmat akauliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Hamro alicheka hadi kofia ikamdondoka.

Nililia, dada. Kisha nikaenda kwa huyo huyo Hamro nikamwambia, "Ukimaliza kucheka, nionyeshe." Akanionyesha, maana anapenda kusikilizwa. Uliyoyataja yote ni kweli. Niliyaacha kila nilipochekwa, na wa kwanza kucheka siku zote ulikuwa wewe. Hili siachi.

Mdogo wako,
Oydin

Tashkent, 25 Machi

Oydin,

Hali sikuulizi, najua ugonjwa uko kichwani. Habari za uji wako zilinifikia kabla ya barua. Mawifi zangu wanauliza kama wageni waje na vijiko au na mirija. Unataka kumwoza mtoto wako mmoja tu kwa uji?

Ukigusa lile karai, mimi harusini siji. Chagua.

Mastura

Kattakurgan, 9 Aprili

Dada,

Natumai hamjambo, pamoja na hao mawifi wenye mirija.

Mara ya pili chumvi ilizidi. Mara ya tatu wali ulichambuka punje punje. Hamro akaonja, akanuna, akaonja tena. Bado naogopa, lakini harusi ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu na nimeshachagua. Kitanda chako nimekitandika hata hivyo.

Mdogo wako,
Oydin

Tashkent, 17 Mei

Mdogo wangu Oydin,

Salamu. Mgongo unaniuma, asante kwa kutouliza.

Sikuja, na sijutii. Sodik alikuja na mpwa wake, na tangu arudi hana habari nyingine. Eti sahani zilirudi zimekombwa, eti Hamro mwenyewe alikuwa anakumiminia chai mbele za watu. Nimemwambia siku hizi wanaume wanashiba upesi. Usivimbe kichwa, pilau ni pilau.

Sasa sikiliza, na ukimwambia mtu nitakukana. Macho ya Sodik hayaoni tena barabara, na gari limelala uani tangu baridi ianze. Jana alipokwenda msikitini niliingia nikakaa upande wa dereva. Nikawasha. Likaruka, likagonga banda la kuku, likazima. Jirani akachungulia juu ya ukuta, nikamwambia nilikuwa nafuta vioo. Mtu mzima kama mimi, Oydin, nilijificha chini ya usukani mpaka alipoondoka. Umri wote huu sijawahi kufanya nisichokijua mbele ya mtu.

Njoo Jumapili ukae kando yangu. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi siteremki.

Dada yako,
Mastura