Plagi za Mjini na Plagi za Barabara ya Morogoro

Mtani wangu mpendwa,

Niwie radhi kwa kimya changu. Barua zako kutoka Mtwara nimezipokea, nimezisoma, wala sikuzijibu. Si kwamba nilikosa karatasi au nafasi. Kila nilipoketi kuandika, niliona kwamba jambo unaloniuliza ndilo hasa nisilokuwa na jibu lake. Umeniuliza, "Mke wangu wa bati hajambo?" Mtu mwingine angekujibu kwamba hajambo, kisha akaendelea na salamu za majirani. Mimi sikuzoea kuandika lisilo kweli, hata kwa mtani.

Huyo mke wako wa bati, gari la marehemu kaka yangu, lipo mahali ulipoliacha, katika uchochoro ulio ubavuni mwa nyumba hii ya Mtaa wa Sikukuu. Kuku hulala chini yake mchana, na wapangaji huanika nguo juu yake, ingawa nimewakataza. Nami hulitazama kila asubuhi ninapotoka kunawa, nikarudi ndani bila kuamua lolote.

Nakumbuka lilivyokuwa kabla hujaligusa. Kaka yangu alilinunua likiwa limechoka, likipanda kilima kwa kulalamika. Wewe ukakifungua kichwa cha injini, ukakisaga ili nafasi ya kuunguzia petroli iwe finyu, ukafunga kabureta kubwa lililotoka katika gari lililopinduka huko Ruvu. Nilisimama pale nikasema kwamba waliolitengeneza kwa namna ile ya kwanza bila shaka walikuwa na sababu zao. Hukuinua hata kichwa.

"Mwalimu," ukaniambia, "nyie Wanyamwezi mmezoea kwenda kwa miguu, mzigo kichwani. Tuacheni sie tuendeshe."

Nikakujibu kwamba sijapata kumwona Mzaramo akienda upesi, isipokuwa mkono wake unapokwenda kwenye sahani ya pilau. Kaka yangu alicheka hata spana ikamponyoka. Mimi sikuwa mtu wa mizaha, nawe ulilijua hilo. Lakini utani ni haki baina ya makabila yetu, na haki sikupata kuikataa.

Injini ile ulipokwisha kuibadilisha, haikukubali tena plagi zozote zilizopo, zile zitoazo cheche ya kuiwasha petroli. Ulinieleza jambo hilo ukiwa umezipanga plagi nne juu ya gazeti, kila moja kwa nafasi yake ya injini, nawe ukanikataza kuzichanganya. Injini iliyobanwa, ulisema, huwaka kwa ukali zaidi. Ikienda mbio safari ndefu, yataka plagi baridi, ile iupelekayo moto haraka kwenye chuma cha injini ili ncha isigeuke kaa. Ukiifunga plagi moto, ncha yake huiwasha petroli kabla ya wakati, na mwishowe pistoni hutoboka. Lakini plagi baridi nayo ina ubaya wake. Ukiendesha polepole mjini, ncha yake haipati moto wa kutosha kuyaunguza masizi. Huwa nyeusi, injini ikakohoa, ikazima. Nilikuuliza, sasa mtu afanye nini? Ukasema kwamba ndiyo maana una seti mbili.

Nakumbuka pia siku tuliyokwenda pamoja kununua ile seti ya pili. Mwenye duka la vipuri alikutolea boksi, nawe ukaitoa plagi moja ukaisimamisha sambamba na ya zamani, ukaona nyuzi zake za kufungia zimeteremka zaidi kidogo kuliko zetu. Ukairudisha. Kwa kuwa kichwa kilikwisha kusagwa, pistoni ilipanda karibu mno, na plagi ndefu ingegongwa. Mwenye duka alikereka, akasema plagi ni plagi. Ukamwambia kwamba kofia nayo ni kofia, lakini yeye hajavaa ya mwanawe. Alicheka, akaenda kutafuta boksi jingine.

Desturi yako ya Ubungo naikumbuka kuliko yote. Hapa mjini uliendesha kwa plagi moto. Tulipofika Ubungo, pale nyumba zilipokwisha, ulilisimamisha gari chini ya kivuli chochote, ukangoja injini ipoe, ukafungua zile na kuzifunga zile baridi: kwanza kwa vidole mpaka zikae, kisha spana kidogo tu, maana nyuzi zikiliwa ndio mwisho wa kichwa. Kaka yangu alinunua madafu. Mimi nilinung'unika kwamba tunapoteza wakati. Tulipotoka pale, gari lilikuwa jingine kabisa. Siku ile tulipokipanda kilima cha Mikese bila kubadili gia, kaka yangu aligeuka akanitazama, akasema, "Mwalimu, kumbe una meno." Nilikuwa ninacheka, wala sikujijua. Sidhani kwamba nimecheka hivyo tangu hapo.

Kisha kaka yangu akafa. Siku ya kuondoa tanga ulifanya alichopaswa kukifanya mtani. Ulilifungua boneti mbele ya waombolezaji, ukazitoa plagi zote nne, ukazitia mfukoni mwa kanzu. Ukatangaza kwamba marehemu amekuachia mjane mmoja, huyu wa bati, na kwamba hatoki hapa mpaka nduguze wamkomboe. Watu walicheka. Shemeji yangu Zuhura, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu mazishi, alicheka ndani ya kanga yake. Nakushukuru kwa kicheko kile hadi leo.

Mtu yeyote angekupa kuku, nawe ungezirudisha plagi, na mchezo ungekwisha. Mimi niliona kuku hatoshi kwa kazi uliyoifanya katika gari lile. Nikasimama nikasema, kama mtu aliyeitwa shaurini, kwamba gari hili haliuzwi, litakungoja wewe. Ukaacha kucheka. Ulinishika mkono ukasema, "Nimesikia, mtani." Ukazifunga plagi mwenyewe, zile baridi za safari ndefu, na baada ya hapo ukaenda Mtwara kutafuta kazi ya bandari.

Zuhura amekwisha kumaliza eda zamani. Anataka kurudi kwao Tabora pamoja na watoto, na gari ndiyo mali pekee aliyoiacha mumewe yenye maana. Kwa muda mrefu hakusema neno kwa heshima yangu. Majuzi alikuja akaketi kizingitini, akasema, "Shemeji, ahadi yako naijua, nilikuwepo. Lakini mie siwezi kulipika gari, na wanangu wanakua." Gari ni la watoto wale, nami ndiye niliyekabidhiwa mali yao. Neno nililokupa lilikuwa langu. Kitu nilichokiahidi hakikuwa changu.

Mnunuzi amepatikana. Ni mfanyabiashara wa mchele hapa Kariakoo, mtu wa Moshi, mwenye adabu na mwenye haraka, aendaye Morogoro kila juma. Alipokuja kulijaribu, plagi baridi ulizozifunga siku ya tanga zilikuwa bado zimo. Tulifika Msimbazi tu, likakohoa, likazima katikati ya mikokoteni. Tulikwama pale, mbele hakuendeki na nyuma hakurudiki, wachukuzi wakinipigia kelele kwamba nilinyweshe gari langu uji. Kijana mmoja aliuliza kama mzee na gari walizaliwa siku moja. Nilikaa nimeshika usukani, sina pa kutazama. Mnunuzi alishuka akaniambia kwa upole kwamba nibadilishe plagi. Akiliona linatembea mjini, atalichukua.

Nilizitoa zile moto katika kopo ulimozihifadhi, nikazisafisha, nikaupima mwanya wa ncha zake kwa geji yako kama ulivyonionyesha, nikazifunga. Alipokuja mara ya pili, gari lilizunguka Kariakoo yote, Mnazi Mmoja mpaka Gerezani, kimya kama paka. Akaridhika. Hapo nikamweleza habari ya Ubungo. Nikamweleza habari ya pistoni pia, polepole, kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu kwa miaka mingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Mwalimu," akasema, "unauza gari au unafundisha? Mimi nina mchele unaningoja. Nani atasimama njiani kubadilisha plagi?"

Nilirudia maneno yangu, naye akarudia yake. Nilimwambia basi airudishie injini hali yake ya zamani. Akasema alipenda nguvu zake, ndiyo sababu analitaka.

Basi, mtani wangu, nimebanwa. Nikimwuzia likiwa na plagi za mjini, nimemwonya, na hakuna kadhi atakayenilaumu. Lakini najua kwamba hatasimama Ubungo, na kwamba kabla ya Mikese kazi ya mikono yako itakuwa chuma chakavu kando ya njia, naye yumo ndani. Nikizirudisha zile baridi, gari litazima tena mbele yake, ataondoka, na Zuhura atakaa katika chumba kimoja na watoto wake akikungoja wewe, bwana wa Mtwara. Wewe ungeweza kuliendesha gari hili. Nimefikiri sana, sijamwona mwingine. Lakini hukuniambia unarudi lini, umeniuliza tu kama hajambo, nami siwezi kumwambia mjane angoje salamu.

Sikuandikii ili uniondolee mzigo huu. Ukiniambia niuze, nitajiuliza kama ni utani. Ukiniambia nisiuze, nitamwona Zuhura kizingitini. Nakuandikia kwa sababu waliolijua jambo hili kama mimi, na ambao ningeweza kuketi nao, ni wawili tu: kaka yangu amelala makaburini Kisutu, na wa pili ni wewe.

Mnunuzi atakuja Ijumaa baada ya sala. Zuhura amekwisha kulikunja godoro lake na kulifunga kamba, hakuniambia, nililiona. Leo asubuhi nimezitoa plagi zote injinini. Matundu manne nimeyaziba kwa vitambaa safi ili vumbi lisiingie, na seti zote mbili ziko hapa mezani mbele yangu, kila moja juu ya gazeti lake. Kwa hali hii gari haliwezi kwenda popote, si mjini wala Morogoro, nami nimepata faraja ndogo ambayo najua haitavuka Ijumaa.

Wasalimie wenzako wote huko bandarini. Nitakapoishika spana nitafunga seti moja, na siku hiyohiyo nitakuandikia ni ipi.

Ni mimi mtani wako,
Mwalimu wa Mtaa wa Sikukuu