Pumzika kwa Amina

Machame, 6 Mei 2024

Kwa kijana uliyechonga jiwe,

Salamu. Huku wazima wa mwili tu. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu za nyumba hii zinasomwa na kila mtu.

Juzi mchungaji alivuta kitambaa kwenye kaburi la mume wangu, Mzee Elibariki, kanisa zima limesimama. Jiwe linasema PUMZIKA KWA AMINA. Kwaya ikakata wimbo katikati. Shemeji yangu Anaeli akauliza kwa sauti, "Amina ndiyo nani?"

Mume wangu alifanya kazi reli hapo kwenu Gerezani, jirani na Kariakoo, miaka mingi, mimi nikiwa huku na watoto na migomba. Sasa ukoo mzima unamtafuta huyo mwanamke, na mimi napewa pole mara ya pili.

Nijibu. Nani alikwambia uandike hivyo?

Severa, Mama Bryson

Gerezani, 10 Mei 2024

Shikamoo Bibi,

Habari za baridi ya huko? Mimi mzima, ila nina hasira, na wewe una zako, basi tugawane. Naitwa Mrisho. Shule niliishia kidato cha pili, lakini kwa patasi uliza kuanzia hapa mpaka Msimbazi, hakuna wa kunifikia. Herufi zangu zikisimama utadhani askari wa gwaride.

Amina ni mchumba wangu mimi. Siku ile tumegombana, simu nimeilaza juu ya jiwe la mzee, inalia tii, tii. Nikigonga patasi mara mbili, nachungulia mara moja. Kioo kinasema "Amina anaandika", "Amina anaandika". Mkono nao ukaandika. Nilitaka kuchonga AMANI, Bibi! Herufi mbili tu zimebadilishana viti. Mzee wako anastaafu, Amina alikuwa hata hajazaliwa.

Na mwanao Bryson je? Alipokuja kuchukua mzigo nilimwambia, "Kaka, soma kwanza." Akanijibu "poa, poa", sikio kwenye simu, akasaini, akaondoka. Mbona yeye humwandikii barua kali?

Bosi wangu, Fundi Isidori, ameifungia simu yangu. Amina kaona kimya, kaniacha. Kwa hiyo jiwe lako limenikosesha mchumba. Tuko sare.

Mjukuu wako,
Mrisho

Machame, 15 Mei 2024

Mrisho,

Marahaba, ingawa hukuistahili.

Sare? Wewe umepoteza msichana wa kuchezea simu. Mimi nanyang'anywa mume ambaye ameshakufa. Barua yako niliisoma mbele ya ukoo, Anaeli akacheka: "Kijana amepangwa aseme hivyo huyo." Kanisani nikikaa kwenye benchi, wanawake wananong'onezana. Na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nimeanza kukumbuka likizo alizochelewa kurudi. Hilo ndilo sitakusamehe.

Bryson nimeshamsema. Usinifundishe kulea.

Jumamosi ya tarehe 25 uwe hapa na patasi zako. Utalitoa hilo jina kwa mkono wako, ukoo ukiangalia, na maelezo utayatoa kwa mdomo wako, uso kwa uso na Anaeli. Simu usije nayo.

Bibi Severa

Gerezani, 2 Juni 2024

Shikamoo Bibi,

Hujambo lakini? Mimi nimefika salama, mgongo bado uko njiani.

Wacha nijisifu kidogo. Kusugua mstari mzima ushuke, halafu kuchonga upya pale pale kaburini, hapa Gerezani hawathubutu. Toka mmeninywesha chai mpaka mnaleta ndizi nyama, sikusikia mtu wala kuku. Nilikuwa naiona A, halafu M, basi. Sikujua kichwa changu kinaweza kukaa sehemu moja muda wote ule. Na Anaeli alivyopitisha kidole kwenye AMANI, akakushika mkono, nilisema hii imeisha.

Haijaisha. Nashuka Msimbazi, muuza kahawa ananiita, "Fundi Amina!" Ananionyesha simu. Bibi, ni kaburi la mzee wako. Jiwe kabla sijalisugua, na wewe pembeni umeziba mdomo kwa kanga. Chini wameweka vikaragosi vya kucheka machozi. Aliyeipiga na kuirusha, siku ile ile ya kitambaa, ni Bryson, jina lake liko juu ya picha. Mama yake analia, yeye anatafuta pembe nzuri ya picha!

Nimekasirika, Bibi. Marumaru, kitu kigumu vile, nilikifuta kabla ya chakula cha mchana. Hii picha nikiifuta hapa, inachekwa pale.

Nimeanza na muuza kahawa. Nilisimama mbele ya birika lake, wateja wakashindwa kupita, mpaka akafuta. Muuza betri alileta ubishi, nikamwonyesha patasi. Sikumtisha, nilimwonyesha tu. Kila nikitoka kazini napita duka kwa duka. Wananiita kichaa, sawa, kichaa afanye kazi yake. Kariakoo niachie mimi. Wewe mkamate Bryson, akutajie kila aliyemtumia, na usimwonee huruma kwa sababu ni mwanao.

Amina naye alikuwa nayo. Ameiweka mpaka kwenye wasifu wake, na kopa jekundu juu, eti amekuwa maarufu. Nikamfuata kwao kwa miguu. Anaicheka bado, ananiuliza, "Na huyu bibi aliyeziba mdomo ni nani?"

Nikamwambia, "Huyo ndiye mwenye mume."

Alifuta bila kuniangalia.

Mjukuu wako,
Mrisho